Jinsi ya Kuchagua Pikapu Itakayokubalika Minago

Juni ikiingia na mvua zikikatika, Bujumbura hakukosekani mtu mwenye pikapu mpya na safari ya kutangaza. Mwaka huu atashuka kusini kwa kufuata ziwa, apite Rumonge na Nyanza-Lac, avuke mpaka Mugina, afike Kigoma, na Mungu akijalia aendelee hadi Zambia. Rangi ya gari ameichagua. Taa za juu amezilipia. Bei ya hema la paani ameiulizia mara tatu. Jambo moja tu hajamuuliza mtu: gari hilo likizama kwenye udongo mwekundu juu ya Minago saa kumi na moja jioni, nani atalitoa?

Katika mwongozo huu tutamtania msafiri huyo, maana utani ni dawa ya majivuno. Ushauri wenyewe ni wa dhati. Pesa ya pikapu ni pesa ya ada za watoto, ya kiwanja, ya nyumba nzima ya matofali, na anayeitoa anastahili kuambiwa ukweli. Ukweli ni kwamba pikapu nzuri ya safari ndefu ni ile ambayo watu wa njiani wanaweza kuitengeneza, na inayoweza kuwafaa watu hao hao. Yanayobaki ni mapambo.

Kwa nini Minago

Minago iko kando ya barabara ya taifa RN3, kaskazini ya mji wa Rumonge, ziwa upande mmoja na milima ya Mumirwa upande wa pili. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni karibu kilomita 70, na ndani ya umbali huo mdogo gari hupewa mitihani yote: lami, mashimo, mchanga wa mwaloni, tope la vijito vinavyoporomoka kutoka milimani, na mpando wa kwenda Burambi unaoifanya injini iseme kila inachokijua. Juu ya hayo kuna ndagala, yaani dagaa, na mawese, mizigo inayoingia kwenye bodi ya pikapu kabla mwenye pikapu hajamaliza kusalimia.

Barabara hii haijawahi kuwa na huruma. Machi 2015 mlima uliporomoka Gitaza, mawe na udongo vikaifunga njia, na watu wakapoteza maisha na makazi. Mwishoni mwa 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kipande cha kilomita 45 kati ya Gitaza na Rumonge, katika mradi mmoja na barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu upande wa Tanzania. Kazi za barabara huja na michepuko, na michepuko huja na vumbi au tope kulingana na mwezi. Ziwa nalo limepanda sana katika miaka ya karibuni, likameza nyumba na mialo. Gari likifaulu hapa, Kasulu na Mpulungu ya Zambia halitakwenda kujifunza. Litakwenda kufanya kazi.

1. Tafuta fundi kwanza, gari lifuate

Usiende kwa muuza magari. Nenda kwa fundi, na uchague yule anayefanya kazi kando ya barabara, chini ya mwembe, aliyelala chini ya gari la mtu mwingine. Msubiri atoke. Msalimie vizuri, kisha muulize: "Fundi, nikinunua hii ikaniharibikia huku, utaiweza?"

Akijibu, "Bosi, hiyo lete tu, spea ziko," umepata gari. Akijibu, "Bosi, hiyo nikifungua boneti naona plastiki tupu, injini yenyewe wameificha wapi?" basi mshukuru, mnunulie chai, na urudi siku nyingine na jina jingine.

Majina yatakayopita ni machache. Toyota Hilux imekuwa sokoni tangu 1968. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilitoka 1984, na pikapu ya 79 ilifuata 1999. Magari haya yamepita kwenye mikono ya misheni, miradi, hospitali, jeshi na wafanyabiashara wa samaki, na kila lilipozeeka moja, mafundi walijifunza jambo. Spea zake zipo Bujumbura, zipo Kigoma, zipo Uvira. Sehemu kubwa ya nati zake hufunguka kwa spana 10, 12, 14, 17 na 19. Fundi wa Minago mwenye spana hizo tano na nyundo anaweza kukurudisha barabarani. Zipo pikapu nyingine nzuri pia, Isuzu, Mitsubishi na Nissan, na ukizipenda zipeleke zikafanye mtihani uleule chini ya mwembe.

Anayetamani pikapu kubwa ya Kimarekani ya silinda nane, tunamwombea heri. Siku kihisio kimoja cha injini yake kitakapokufa, ataegesha Minago hadi kipande hicho kitoke ng'ambo, na kuku wa jirani watakuwa wameanza kutaga ndani ya bodi.

2. Injini iendane na mafuta utakayoyapata

Kwa miaka kadhaa sasa, na zaidi sana 2024 na 2025, Burundi imekumbwa na uhaba wa mafuta. Foleni za magari kwenye vituo zimekuwa sehemu ya mandhari. Kwa hiyo usiulize kwanza gari lina nguvu kiasi gani. Uliza linakunywa nini, kiasi gani, na linavumilia uchafu gani.

Injini ya zamani ya Land Cruiser, 1HZ, ina silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta. Huvumilia mazutu, yaani dizeli, ambayo injini za kisasa zingeyatema. Dhambi zake ni mbili. Ya kwanza ni kiu: ikiwa na mzigo, weka hesabu ya lita 13 hadi 15 kwa kilomita 100. Ya pili ni mwendo. Mlima wa Burambi itaupanda polepole hadi watoto wa shule wakusalimie, wakuulize habari za nyumbani, wakuage, na bado mko pamoja.

Hilux mpya, zenye injini za lita 2.4 au 2.8 zilizoanza kuuzwa 2015, hupanda kwa nguvu na kunywa kidogo. Lita 9 hadi 11 kwa kilomita 100 ni makadirio ya haki zikiwa na mzigo. Udhaifu wake uko kwenye nozeli zinazopuliza mafuta kwa shinikizo kubwa. Maji kidogo kwenye mazutu, au mchanga wa dumu lililolala ufukweni, hutosha kuziua, na bei ya nozeli nne mpya itakutoa machozi.

Uamuzi basi ni huu. Ukikusudia kuzunguka mwambao na milima yake, na kujaza mafuta popote yanapopatikana, chukua injini ya zamani iliyotunzwa. Ukikusudia lami ndefu za Tanzania, chukua mpya, lakini ongeza chujio la pili la kutenganisha maji na mafuta na ubebe filta za akiba. Vyovyote iwavyo, jifunze kufungua koki iliyo chini ya filta ya mazutu na kumwaga maji yaliyotuama. Ni kazi ya dakika tano, na kwenye safari ndefu inafaa kufanywa kila unapokuwa na wasiwasi na mafuta uliyojaza.

Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya tangi kubwa na madumu, chagua tangi. Land Cruiser hizi huja na tangi la lita 130, au mawili ya lita 90 kila moja, na mafuta yaliyo ndani ya tangi hayamwagiki kwenye kona za Gitaza. Kutoka Bujumbura kwenda Rumonge na kurudi, hata gari lenye kiu litatosheka na lita 20 au kidogo zaidi. Hesabu ya namna hii ifanyike nyumbani, kwa kalamu. Anayeifanya barabarani huifanya akiwa amesimama.

3. Usukani upande gani?

Burundi tunaendesha upande wa kulia, sawa na Rwanda na Kongo. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia wanaendesha kushoto. Ukivuka Mugina kuingia Manyovu, barabara inabadilika upande, na usukani wako unabaki pale pale ulipoununua.

Magari mengi ya mitumba kutoka Japani yana usukani wa kulia. Kwa RN3 hilo ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyokiri. Ukiwa nyuma ya lori la mawese linalojikokota, wewe unaona bodi ya lori na mitende. Anayeliona gari linalokuja ni abiria wako. Maisha yako yote yako mikononi mwa shemeji aliyesinzia.

Kama safari zako nyingi zitakuwa Burundi na Kongo, nunua usukani wa kushoto. Kama utaishi zaidi Tanzania na Zambia, nunua wa kulia. Kama utagawanya sawasawa, nunua wa upande utakaotumia kwenye barabara nyembamba zaidi, na upande ule mwingine usilipite lori mpaka uone njia kwa macho yako mwenyewe. Abiria wa mbele awe mtu mzima, aliye macho, asiyeona haya kusema "ngoja".

4. Kabini: fikiria watakaokusimamisha

Wapenda safari hubishana kuhusu kabini moja na dabo kebini. Wa kabini moja husifia bodi ndefu inayomeza kila kitu. Sisi tunasema chukua dabo kebini, na sababu yetu inatoka milimani.

Juu ya Minago, katika vilima vya Burambi na Buyengero, mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa na majirani kwenye machela ya kusuka, ingobyi, mabegani mwao, mpaka pafikie gari. Pikapu inayopita huko itasimamishwa. Itasimamishwa na mama mwenye uchungu wa kujifungua, na mzee mwenye homa, na siku nyingine na watu wanaorudisha marehemu nyumbani. Mwenye gari la kabini moja lililojaa friji na hema atalazimika ama kukataa, ama kumweka mgonjwa nyuma kwenye bodi, juani, akirushwa na kila shimo. Yote mawili ni mabaya. Kiti cha nyuma kisiwe ghala la mikoba. Kiache wazi, weka mikanda inayofunga, na uwe na turubai safi na blanketi. Hivyo ndivyo vifaa vya kwanza vya safari katika nchi hii, na hakuna duka la vifaa vya safari linalovitangaza.

Bodi nayo iwekewe kitanda cha plastiki ngumu na matundu ya kutolea maji. Mawese yakimwagika kwenye chuma kitupu, kila kitu kitakachofuata kitateleza hadi mlango wa nyuma na kurudi. Maji ya samaki aina ya mukeke yakiingia kwenye kona zisizo na tundu, gari litanukia Minago hata likiwa Lusaka. Ukitaka kujua utabeba nini, uliza kwanza mwezi. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti kitu. Uliza pia kalenda, kwa kuwa nchi za ziwa zimeanza kupumzisha uvuvi kati ya katikati ya Mei na katikati ya Agosti. Tanzania ilifanya hivyo 2024. Msafiri wa Juni basi aipange bodi yake kwa mawese.

5. Uzito, au kwa nini muuzaji anatabasamu

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna anayeishi kwa methali hii kuliko muuza vifaa vya pikapu. Kwake bampa ya chuma ni kilo 60 "tu". Winchi ni 35 "tu". Kanopi ya chuma ni 90, hema la paani 60, friji na betri ya pili 50. Ongeza madumu ya mazutu lita 60, karibu kilo 50, na maji lita 60, ambayo ni kilo 60 kamili. Jumla ni kilo 405, na hakuna binadamu aliyepanda bado.

Hilux ya dabo kebini inaruhusiwa kubeba chini kidogo ya tani moja. Kwa hesabu yetu tuseme kilo 850, na wewe soma kibao cha gari lako. Pandisha watu wanne wenye kilo 70 kila mmoja: 280. Umefika 685. Zimebaki kilo 165, na humo kuna nguo, chakula, vyombo, spana na tairi la pili la akiba. Mgonjwa wa Burambi na mtu wa kumshika hawana nafasi tena. Gunia la muhogo ulilozawadiwa halina nafasi. Gari limejaa vitu vya kusaidia safari, na safari yenyewe haina pa kukaa.

Anayefikiri kwamba vifaa vingi ndivyo vinavyofikisha gari akumbuke boti mbili za vita za Waingereza, Mimi na Toutou. Mwaka 1915 zilitolewa Cape Town kwa reli, zikavutwa porini kuvuka milima ya Mitumba kwa matrekta mawili ya mvuke na makundi ya ng'ombe, zikateremshwa kwa mto Lualaba, na kabla mwaka haujaisha zikawa ndani ya Ziwa Tanganyika. Matrekta yale yalikuwa mashine za ajabu za zama zake, na bado yalikwama na kuhitaji maji na kuni. Waliozifikisha boti ni Waafrika waliofyeka njia, wakajenga madaraja ya magogo na kuteka maji. Hata Livingstone na Stanley, ambao jiwe la Mugere karibu na Bujumbura linakumbusha kuwa walipita Novemba 1871, walikuja kwa mtumbwi uliopigwa makasia na watu walioijua pwani. Nguvu ya kukutoa tope iko kando ya barabara tayari, ina mikono na ina jina. Isalimie mapema.

Kwa hiyo ondoa winchi na friji. Weka kamba imara ya kuvutia yenye urefu wa mita kumi, pingu mbili za chuma za kufungia, na beleshi. Bampa ya kiwandani ibaki. Kilo zaidi ya mia ulizoziokoa kwa kuacha winchi, bampa ya chuma na friji zinatosha kumbeba mgonjwa mmoja na mtu wa kumshika.

6. Miguu ya gari: hapa usibane pesa

Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu, nunua matairi. Chukua ukubwa unaopatikana njiani hata kama si mzuri kwa picha. Tairi la 7.50R16 la Land Cruiser hutumiwa pia na malori madogo, hivyo mziba pancha yeyote wa barabarani analifahamu na ana mpira wake wa ndani. Tairi pana la inchi 20 linalong'aa hulijui wewe, naye halijui. Beba matairi mawili ya akiba ukivuka mpaka, moja ukibaki mwambaoni.

Jifunze kucheza na upepo. Kwenye mchanga au tope jepesi punguza hadi PSI 18 hivi, nenda polepole, na ukirudi kwenye lami jaza tena kabla ya kukimbia. Pampu ndogo ya betri ni kifaa cha thamani kuliko taa zote utakazoonyeshwa. Lakini mwaloni usiingie na gari hata upepo ukiwa sawa. Pale kuna nyavu zilizotandazwa, kuna ndagala walioanikwa, kuna watoto. Ukikanyaga ndagala wa mtu umekanyaga karo na chakula chake. Egesha juu, shuka kwa miguu.

Springi za nyuma ziongezwe kwa kiasi cha mzigo wako halisi. Fundi akikubali kila unachotaka atakuwekea vyuma vingi hadi gari likiwa tupu liruke kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na aliyekaa nyuma atakulaani hadi Nyanza-Lac. Breki zikaguliwe kabla ya mteremko wowote mrefu, na mteremko ushukwe kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Kutoka juu ya Mumirwa hadi ziwani ni kuporomoka zaidi ya mita elfu moja. Breki peke yake zitachemka kabla hujaliona ziwa.

7. Mbele na nyuma: wafikirie waendesha baiskeli

Taa ndefu ya paani yenye nguvu ya kumulika kijiji kizima ni ugonjwa wa wenye pikapu. Taa za kuvuta ndagala ziko ziwani tayari, na wavuvi hawajaomba msaada. Aliye barabarani usiku ni mtu wa baiskeli, asiye na taa, mwenye madumu ya mawese pande zote mbili, na ukimpofusha atakuja kwako au atakwenda mtaroni. Taa mbili za mbele zilizolenga chini, safi, zinazowaka zote, zinatosha. Na dawa bora ya usiku kwenye RN3 ni kufika mchana.

Nyuma kuna watu pia. Kwenye mipando ya Burundi waendesha baiskeli hushikilia malori wapate kupanda. Ni hatari, na si wewe utakayeikomesha kwa kufunga vyuma vyenye ncha kwenye bampa ya nyuma. Acha nyuma pakiwa laini, tazama kioo kabla ya kubadilisha gia, na ukimwona mtu amejishika, simama taratibu na umwombe ashuke.

Honi iwe ya kawaida. Honi ya meli kwenye Hilux huwashtua wazee, na Probox yenye abiria wanane itakayokupita muda huohuo haitakuwa imepiga honi hata mara moja.

8. Usilale juu ya paa

Muuza hema atakueleza kuhusu viboko wanaotoka ziwani usiku. Akiona unasitasita ataongeza habari za Gustave, yule mamba mkubwa wa mwambao wa kaskazini aliyefanyiwa hadi filamu. Viboko na mamba ni wa kweli, na jibu lao si kulala mita mbili juu yao. Jibu ni chumba.

Rumonge kuna nyumba za wageni. Nyanza-Lac zipo. Minago ukiuliza kwa adabu hutakosa kuelekezwa. Hema la paani linakugharimu kilo 60, mazutu ya kulibeba na kulisukuma dhidi ya upepo, na linamgharimu mwenyeji wako pesa ya chumba, ya chai, ya mukeke wa kuchoma. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji haponi kwa kutazama hema. Ukipenda kubeba kitu cha kulalia, beba chandarua na mkeka. Vinatosha siku gari limekataa.

9. Sanduku la chini ya kiti

Hapa tusichelewe. Weka spana zile tano na ya 21 ya nati za magurudumu, jeki na ubao mnene wa kuiwekea chini ili isizame, filta mbili za mazutu, moja ya oili, mkanda wa feni, bomba la rejeta, lita tano za oili, fyuzi, waya, mpira wa kufungia, tochi ya kichwani na panga. Ongeza kizimamoto, pembetatu za onyo na sanduku la huduma ya kwanza, ambavyo askari wa barabarani huviulizia na ambavyo utavihitaji hata asipouliza. Kila kitu kiwe na mahali pake, na angalau watu wawili wapajue.

10. Makaratasi

Kadi ya gari, ile inayoitwa carte rose, iwe na jina lako au iambatane na idhini iliyothibitishwa ya mwenye gari. Kadi ya njano ya COMESA ni bima inayotambuliwa Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia; iombe kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Weka nakala kwenye mfuko usiokaa pamoja na asili. Mpakani zima injini, vua miwani ya jua, salimia kwanza. Kutoka Manyovu, lami ya kilomita 60 itakuteremsha hadi Mwandiga, karibu kabisa na Kigoma. Huna sababu ya kugombana na mtu yeyote kabla ya hapo.

11. Mtihani wa mwisho

Kabla ya kuwatangazia watu Zambia, pakia gari kamili, kila ulichokusudia kubeba, na uende Minago. Panda upande wa Burambi kadiri njia inavyoruhusu, rudi, lala usiku mmoja, halafu rejea Bujumbura. Nyumbani shusha vitu vyote chini. Ambacho hukukigusa, na si cha dharura wala cha sheria, kibaki nyumbani. Rudia mpaka gari liwe na nafasi.

Kisha panga matumizi kwa mfuatano huu: matairi, breki, springi, filta, tangi. Pesa ikibaki, usiirudishe kwenye duka la taa. Mlipe fundi vizuri hata kwa kazi ndogo, nunua samaki kwa bei ya haki bila kumkamua mwanamke aliyekesha akiwasubiri wavuvi, na umpe mwenye baiskeli nafasi yake ya barabara. Gari lenye matairi mapya, breki nzima na kiti cha nyuma kilicho wazi linaweza kuondoka kesho alfajiri. Lenye taa kumi na mbili na springi zilizochoka lingoje mpaka mwenyewe apate akili.